Katuni Zisiwe za Kuchekesha Tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze jambo ambalo wanachama wenzangu wengi huenda wataliona dogo, nalo ni jambo la katuni. Katika magazeti yetu ya Kiswahili katuni imepewa kazi moja tu, kazi ya kumchekesha msomaji akishamaliza habari za bei ya mbolea na hotuba za viongozi. Mimi nashikilia kwamba kazi hiyo haitoshi. Nataka magazeti yetu, na hasa magazeti ya Chama, yaanze kuchapisha hadithi za picha zenye majonzi na fikira. Hadithi ndefu, zinazoendelea juma hadi juma, zisizoishia katika kicheko, ambazo mfanya kazi akizisoma atalikunja gazeti na kukaa kimya kidogo. Na nataka mbili za kwanza zitoke huku kwetu Mbulu na Hanang, kwa sababu nitakazozieleza.

Jibu litakalotolewa kwanza nalijua. Litasemwa: mfanya kazi ametoka kiwandani amechoka, mkulima ametoka shambani jua limemchoma, wa nini tena kuongezewa huzuni? Mwacheni acheke. Jibu hili lina huruma ndani yake nami silidharau. Lakini mfanya kazi huyo huyo akifiwa na jirani hukesha matanga. Mkulima huyo huyo husikiliza wazee wakisimulia njaa na vita vya zamani, wala hawakatizi. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba amechoka mno asiweze kuomboleza. Ni katuni peke yake inayomfanya mtu mzima kuwa mtoto.

Tuangalie katuni zetu zilianzaje. Huko Kenya, tangu miaka ya 1950, alikuwako Edward Gitau na mtu wake Juha Kalulu, ambaye wasomaji wa Taifa Leo walimfuata kwa miaka mingi sana. Jina lenyewe lamaliza habari: juha ni mpumbavu. Hapa kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1960, Christian Gregory alimleta Chakubanga katika Uhuru, gazeti la TANU, na mtu huyo akawa maarufu kuliko mawaziri wengine. Likaja jarida la Sani na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Kipepe na yule mtoto mtundu Madenge. Na kalamu ya marehemu Philip Ndunguru, aliyefariki angali kijana, iliwafundisha wachoraji wengi waliomfuata. Hawa wote walikuwa mafundi, na sina nia ya kuwatoa thamani. Chakubanga aliwachoma wakubwa wavivu pale ambapo tahariri ilikuwa na adabu mno. Hata hivyo, mtu akikaa na kuhesabu ni nani hasa aliyechekwa katika picha zetu kwa miaka yote hiyo, ataona kwamba mara nyingi ni mshamba: mtu aliyeshuka mjini kwa basi na kushangaa taa za barabarani, asiyejua choo cha maji, anayetapeliwa na kila mtu. Yaani tumekuwa tukimwuzia mkulima gazeti ili ajicheke mwenyewe.

Kwa sisi wa huku jambo hili lina uchungu wa pekee. Mwambie mtu wa mjini neno Mmang'ati, naye huona kichekesho: shuka, mkuki, lindo la usiku na Kiswahili kilichopinda. Jina lenyewe si la Wadatoga; walipewa na Wamasai, na maana yake ni adui. Watu waliopewa jina la adui na jirani, na umbo la kichekesho na mjini, wana haki ya kuchorwa angalau mara moja na mtu aliyeketi nao.

Wala isisemwe kwamba picha ya majonzi ni jambo la kigeni tunaloletewa kutoka Ulaya. Kusini mwa Hanang, ng'ambo ya mpaka wa mkoa, katika miamba ya Kolo huko Kondoa, wako watu wekundu wembamba waliochorwa kabla hatujawa na jina la Tanzania wala la Tanganyika. Michoro hiyo ilitiwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Mmoja unaojulikana sana waonyesha mtu katikati, na wengine wamemshika mikono huku na huku kana kwamba wamvuta. Wataalamu wamebishana: ni watu wanaomteka mwenzao, au ni ngoma, au ni uganga? Nionavyo mimi, mchoraji aliyeutia mchoro huo katika mwamba hakuwa akitafuta kicheko cha mtu yeyote.

Nchi nyingine zimetutangulia katika jambo hili, na yafaa tujue zilivyofanya. Nitaanza na Japani, kwa kuwa mfano wake wahusu magazeti. Keiji Nakazawa alikuwa mtoto wa miaka sita tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomi lilipoanguka Hiroshima. Baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa katika moto wa siku hiyo. Alipokuwa mtu mzima akawa mchoraji wa katuni, na mwaka 1973 akaanza hadithi ya mvulana aitwaye Gen, ambayo ndani yake aliyaweka yale aliyoyaona. Nawaomba wahariri watazame mahali alipoianzia: katika jarida la kila juma la wavulana, katikati ya hadithi za michezo na mapigano. Hakungoja kitabu cha ghali cha wasomi. Aliupeleka msiba wa Hiroshima pale pale walipokuwa wasomaji, na wasomaji hawakukimbia.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Art Spiegelman alimhoji baba yake, Myahudi wa Poland aliyetoka hai katika kambi ya Auschwitz, akaichora habari hiyo katika kitabu kiitwacho Maus. Wayahudi amewachora kama panya, Wajerumani kama paka. Sehemu ya kwanza ilitoka kitabu mwaka 1986, ya pili mwaka 1991, na mwaka 1992 ikapewa tuzo ya Pulitzer, ambayo watu hawakuzoea kuihusisha na vitabu vya katuni. Lakini sikuutaja kwa ajili ya tuzo. Nautaja kwa sababu yule baba hakufanywa mtakatifu. Ni mzee mchoyo, mgomvi, anayehesabu njiti za kiberiti na kumchosha mwanawe. Na huyo huyo ndiye aliyepita katika moto. Sisi huku, tukiandika habari za watu waliodhulumiwa, huwafanya malaika mara moja, na malaika hawasadikiki. Mdatoga aliyenyang'anywa malisho aweza kuwa mtu mkali kwa wake zake. Achorwe hivyo hivyo, na bado malisho yalikuwa yake.

Ubelgiji nako yuko Jean-Philippe Stassen, ambaye mwaka 2000 alitoa kitabu cha picha juu ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994. Kijana aliyemo humo, Deogratias, akili zimempotea na hujiona kuwa mbwa. Ni kazi nzito. Na Mkongo Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amechora pamoja na mwandishi Mfaransa hadithi ya Vita Kuu ya Kwanza katika Ziwa Tanganyika, katika maji yetu wenyewe, kuhusu msako wa ile meli ya Kijerumani ambayo leo twaiita Liemba. Meli ni yetu, ziwa ni letu, na hadithi imetoka kwa Kifaransa.

Lakini mtu ninayetaka wasomaji wamjue kuliko hao wote hakuchora vitabu. Alichora juu ya magunia ya unga. Aliitwa Tshibumba Kanda Matulu, alizaliwa mwaka 1947, akaishi Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba, mji wa wafanya kazi. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za kutundika ukutani na kuziuza kwa bei ambayo karani au mchimba mgodi aliweza kuilipa. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu mmoja wa chuo kikuu, Johannes Fabian, historia yote ya nchi yake, tangu wazee wa kale hadi utawala wa Mobutu, kwa picha 101. Na kila picha aliieleza kwa maneno yake mwenyewe. Maneno hayo yalikuwa ya lugha gani? Kiswahili, ndugu zangu. Kiswahili cha Katanga. Ndani yake mna minyororo ya wakati wa Wabelgiji, mna wafanya kazi waliopigwa risasi, mna Lumumba na wenzake wawili wamelala chini wamekufa, na nyuma yao misalaba mitatu juu ya kilima. Mwaka 1996 Fabian alichapisha picha hizo katika kitabu huko Marekani, kwa Kiingereza. Tshibumba mwenyewe habari zake zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Basi nauliza: inakuwaje historia ya majonzi iliyosimuliwa kwa Kiswahili na mchoraji wa wafanya kazi isomwe California, na isijulikane Babati? Wale wanaosema kwamba mfanya kazi wa Kiafrika hataki picha za huzuni na waeleze ni nani aliyekuwa akinunua picha za Lubumbashi na kuzitundika sebuleni.

Sasa nije kwetu. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Hanang ulimeguka. Tope, mawe na magogo viliteremka kwa mikondo ya maji hadi Gendabi na mji wa Katesh, wakati watu wengi walikuwa bado ndani ya nyumba zao. Waliokufa walifika 89. Rais alikatisha safari yake ya Dubai, alikokuwa katika mkutano wa dunia juu ya hali ya hewa, akafika Katesh tarehe 7. Palikuwa na uvumi kwamba mlima umelipuka, kwa kuwa Hanang kwa asili ni mlima wa volkano. Serikali ikaeleza kwamba sivyo, bali sehemu ya mlima yenye miamba iliyolainika ilinyonya maji mengi hadi ikashindwa kujizuia. Baadaye waliopoteza nyumba walijengewa mpya mahali paitwapo Waret, katika kijiji cha Gidagamowd.

Habari hizi zilipigwa picha kwa maelfu. Kwa siku kumi hivi kila mwenye simu nchini aliona tope la Katesh: gari limepinduka, bati limekunjamana, askari wanachimba. Kisha zikaja habari nyingine na picha zile zikazama. Wala sizilaumu, picha ya simu huonyesha kilichobaki baada ya jambo kutokea. Haikuwapo ndani ya nyumba alfajiri ile. Haikuona mtu akiamshwa na mngurumo na kudhani ni lori. Haikuwapo pia miezi sita baadaye, mtu alipokuwa akipita mahali palipokuwa na duka lake na kukuta mchanga. Mchoraji aweza kukaa mahali hapo. Katika hadithi ya picha, kati ya kisanduku kimoja na kinachofuata pana nafasi nyeupe, na msomaji ndiye anayejaza kwa fikira zake yaliyotokea humo. Chora nyumba, taa imezimwa. Chora mlima, mvua. Kisanduku cha tatu kiwe cheusi kitupu. Hakuna video iliyoweza kusema hivyo, na hakuna maiti aliyeaibishwa.

Jambo hili la aibu ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Wakati wa msiba ule picha za miili zilitembea katika simu, na kuna watu waliowaona jamaa zao kwa njia hiyo. Kalamu yaweza kuficha uso. Yaweza kumpa marehemu shuka na kumwacha na heshima yake, na hadithi isipungukiwe na kitu.

Hadithi ya pili ni ya zamani zaidi, na ndiyo ngumu. Nimetaja Waret na Gidagamowd. Wazee wa Hanang wakiyasikia majina hayo hawakumbuki nyumba mpya, hukumbuka ngano. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lilifungua katika nyanda za Hanang mashamba makubwa saba ya ngano: Basotu, Mulbadaw, Setchet, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Kila moja lilikuwa la ekari kama 10,000, na ardhi yote iliyochukuliwa ilipita ekari 100,000. Nchi ilitaka kujilisha mkate wake yenyewe bila kununua ngano nje, na shabaha hiyo ilikuwa njema, nani aliyeipinga? Lakini nyanda hizo hazikuwa tupu. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, waliziita muhajega, nazo zilikuwa malisho yao bora ya wakati wa mvua. Mfugaji hukaa mahali fulani kwa majira na kupaacha majani yapumzike. Mpimaji wa ardhi akija wakati wa mapumziko hayo huandika kwamba pako wazi.

Na mlikuwa na makaburi. Mdatoga mzee mwenye heshima akifa hufanyiwa mazishi ambayo kwao huitwa bung'eda. Hujengewa kilima cha udongo kinachopandishwa kidogo kidogo kwa miezi, na ukoo mzima hukusanyika. Mahali hapo huwa patakatifu kwa wajukuu na vitukuu. Trekta lilipofika halikujua hilo. Mengi ya makaburi hayo yalilimwa pamoja na uwanda.

Wananchi wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema haikuridhika na ushahidi wa haki yao juu ya ardhi. Baadaye mashamba hayo serikali iliachana nayo, mengine wakagawiwa wananchi, mengine yakaingia mikononi mwa wawekezaji. Haya yote yamo katika vitabu vya sheria na vya wataalamu, karibu vyote kwa Kiingereza. Mtoto wa Katesh aliyehamishiwa Waret baada ya mlima kumeguka halali juu ya uwanja mtupu; analala juu ya hadithi ambayo hakuna aliyemwandikia kwa lugha anayoisoma shuleni.

Hapa ndipo nasema katuni yafaa kuliko makala. Makala ya namna hii, hata hii yangu, humlazimisha mwandishi kuchagua upande kabla ya kumaliza ukurasa. Mchoraji hahitaji haraka hiyo. Fikirini ukurasa uliogawanywa sehemu mbili. Juu ni Dar es Salaam, saa kumi na moja asubuhi. Mfanya kazi wa bandarini ananunua mkate na kumkatia mtoto wake aende shule. Chini ni Basotu, saa ile ile. Kijana Mwiraqw aliyepata kazi ya kuendesha trekta, mshahara wake wa kwanza, anatia gea. Mbele yake mwanamke mzee amesimama palipokuwa na kilima cha baba mkwe wake, na trekta haliwezi kumpita wala dereva hawezi kuteremka. Nani mbaya katika ukurasa huo? Mtoto aliyekula mkate? Dereva? Afisa aliyesaini ramani akiwa na nia njema ofisini? Msomaji wa gazeti hili aweza kuwa mmoja wa watu hao. Baadhi yetu tuliula mkate ule. Hadithi yenye fikira humwacha msomaji na swali lake mkononi. Kichekesho hakiwezi, lazima kimtafute mjinga kabla ya kisanduku cha nne.

Wako watakaosema kwamba gazeti la Chama si mahali pa kuchora makosa yaliyofanywa wakati wa Chama. Nawajibu kwa historia ya Chama chenyewe. Mwaka 1962, uhuru ukiwa haujatimiza miaka miwili, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu alichokiita Tujisahihishe. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, alikaa akaandika wazi tulipofanikiwa na tuliposhindwa, wala hakuwatupia wengine lawama zote. Kama mwenyekiti aliweza kuyasema hayo kwa maneno, mchoraji wa gazeti ana nini kinachomzuia asiyaseme kwa wino? Tena wafugaji wale wale ni wananchi, na wengi wao wana kadi.

Wengine wataogopa ukabila: kwamba ukimchora Mdatoga amenyang'anywa, Mwiraqw atajiona ametukanwa, na Mnyaturu naye. Hofu hii si ya kupuuzwa katika wilaya ambako ng'ombe na mashamba vimekwisha kuleta damu. Lakini ukimya haukuzuia damu hiyo. Mchoraji mzuri atawachora wote wakiwa na sababu zao. Waiiraqw nao wana habari zao nzito: wazee wao wa Kainam walikuwa wakichimba nyumba ndani ya ardhi, paa likiwa sawa na ubavu wa mlima, ili wasionekane na waporaji wa mifugo. Hebu mtu achore usiku mmoja ndani ya nyumba hiyo, mama amemziba mtoto mdomo, na juu ya paa nyayo zinapita. Na Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao kila anayekuja huwapiga picha na pinde zao kisha akaondoka, wao watasema nini wakipewa kurasa kumi?

Sharti nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Giza la kuuzia magazeti tunalo tayari, tena la kutosha: majarida ya vichochoroni yenye damu, majini, wanawake nusu uchi na waganga wenye macho mekundu. Hayo siyaombei nafasi. Yamemwogopesha msomaji kwa dakika tano na kumwachia senti pungufu. Giza ninalolitaka ni lile tulilokwisha kulikubali katika riwaya. Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971 ilionekana kali mno, ikazuiwa shuleni. Baada ya muda ikawa ndiyo inayotahiniwa. Dunia Uwanja wa Fujo, ya mwaka 1975, ilikwenda mbali zaidi, hadi katika uchungu wa siku za vijiji, na hatukubomoka. Ebrahim Hussein alitupa Kinjeketile mwaka 1969, mchezo wa watu walioamini maji yatawakinga na risasi, nasi twajivunia mchezo huo. Kwa nini basi riwaya na tamthilia ziwe za watu wazima, na picha ibaki ya watoto? Sioni sababu yoyote isipokuwa mazoea.

Iko na sababu ya elimu. Huku kwetu wako wazee wengi, na hasa wakina mama, ambao Kiswahili wanakisikia vizuri lakini ukurasa mzima wa herufi huwachosha. Picha wanaisoma. Mjukuu akiyasoma maneno machache, bibi atamsahihisha mchoraji: shanga hizi si za mke aliyeolewa, fimbo hii haishikwi hivyo. Gazeti litakalosahihishwa na bibi wa Dongobesh litakuwa limefika mahali ambapo tahariri haijafika.

Kwa hiyo naomba mambo haya, nayo si ya gharama. Gazeti litenge nusu ukurasa kwa juma, siku ile ile kila juma, kwa hadithi ndefu moja. Rangi haihitajiki, wino mweusi watosha, na kwa habari za mlima ule nadhani wafaa zaidi. Mchoraji alipwe kwa mwezi kama mwandishi wa habari, asilipwe kwa kipande kama mpasua kuni, maana hadithi ya namna hii hutaka kusafiri na kusubiri. Majina ya marehemu wa Katesh yasitumiwe, na sura zao zisichorwe, mpaka jamaa waulizwe. Maneno ya Kidatoga na Kiiraqw yasifutwe; yaachwe ndani ya picha na Kiswahili kiyaeleze pembeni. Na kabla ya kuchapwa, kurasa za kwanza zipelekwe Basotu zikaonyeshwe wazee, si kwa ajili ya kuomba ruhusa ya serikali ya kijiji, bali waseme kama ng'ombe wamechorwa sawa.

Mchoraji atakayechaguliwa, kama ni mtu wa pwani, na achukue koti. Katesh ni baridi kuliko anavyodhani, na mabasi ya Basotu hayana saa.

Ni mimi,
Mwanachama,
Dongobesh, Mbulu.